Google Fit na kikundi chetu cha kutembea alfajiri Umoja: uzoefu wangu

Majirani wakiniuliza kama Google Fit, programu ya simu ya kufuatilia mazoezi, inasaidia kweli, huwajibu kwamba inasaidia sana iwapo kuna mtu anayekungoja getini. Nimeitumia kwa zaidi ya mwaka sasa hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, pamoja na kikundi cha WhatsApp cha majirani tunaotembea alfajiri, na sioni namna ya kukisifu kimoja nikakiacha kingine.

Programu yenyewe ni ya bure na haikulazimishi kununua saa ya mkononi. Simu ya kawaida ya Android mfukoni inatosha. Inahesabu hatua, lakini nilichokipenda zaidi ni pointi za moyo, kipimo kilicholetwa 2018 kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani (WHO) na American Heart Association, shirika la afya ya moyo la Marekani. Ukitembea kwa kasi unapata pointi moja kwa kila dakika, ukikimbia unapata mbili. Lengo la wiki ni pointi 150, kwa sababu WHO inapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki.

Naona lengo hilo ni la haki kuliko zile hatua 10,000 ambazo kila mtu anazitaja. Nambari ya 10,000 ilipata umaarufu kupitia kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, na kwa mama anayefunga kibanda chake saa tatu usiku inakatisha tamaa mapema. Dakika ishirini na kitu kwa siku mtu anaweza kuzipangia. Tena kuzurura sokoni ukichagua mitumba hakukupi pointi hata moja, na hilo limetufundisha sote kuongeza mwendo.

Sasa niseme kuhusu watu. Saa kumi na moja na nusu alfajiri Nairobi bado ni giza, na mwanamke hawezi kuamua tu kwamba ameamka na ari ya kutembea peke yake. Simu haikusindikizi. Kikundi kinakusindikiza. Ujumbe wa kwanza huwa mfupi, "Niko geti", halafu wengine wanajibu, na ukinyamaza kuna atakayepiga: "Mama, uko salama? Tukungojee?" Tunashika Outer Ring Road kutoka Mutindwa kuelekea Donholm na kurudi, kwa kuwa barabara ile ilipopanuliwa iliwekewa njia za watembea kwa miguu na madaraja ya kuvukia. Wanaohofia kunyang'anywa simu huziacha nyumbani na kuongeza dakika zao kwa mkono baadaye, programu inaruhusu. Wikendi moja moja tunachanga nauli tukaenda Karura, msitu ambao Wangari Maathai na wenzake waliupigania mwaka 1999 usigawiwe wajenzi. Huko hata wanaolalamika magoti husahau kuuliza tumebakisha kilomita ngapi.

Bahati yetu kubwa ni kwamba mmoja wetu ni mhamasishaji wa afya ya jamii, miongoni mwa wale takriban 100,000 ambao serikali ilianza kuwapa vifaa Septemba 2023, pamoja na simu ya kuandikia taarifa na mashine ya presha. Sisi tunamwita Daktari, naye hukataa kutupima tukiwa bado tunahema. Anataka nusu saa ipite baada ya mazoezi, ukae umeegemea, miguu chini, kimya dakika tano. Anayefika 140 kwa 90 au zaidi anaandikiwa rufaa, na wenzake wanahakikisha amekwenda kliniki. Kwangu mimi, hapo ndipo kikundi kinapoishinda programu yoyote.

Kwenye chakula sikuridhika. Google Fit si daftari la mlo, kwa hiyo nilijaribu programu nyingine, ambayo sitaitaja. Ilijua aina kumi za mkate lakini mboga ya managu haikuijua, na githeri ilikuwa na majibu matatu yanayopingana. Kilichonifaa zaidi ni majedwali ya vyakula vya Kenya yaliyotolewa 2018 na serikali pamoja na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, yanayopatikana bure kwenye intaneti na yenye vyakula tunavyopika nyumbani. Kikundini tumekubaliana kuanza na chumvi: WHO inasema chini ya gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na ile iliyo kwenye viungo vya mchuzi vya paketi. Picha za sukuma na dengu zinatumwa kila jioni, na wazee wetu ndio wanaozituma zaidi.

Kanuni mbili za msimamizi ninazipendekeza kwa kikundi chochote: hakuna kutangaza kilo za mtu, na matangazo ya chai za kuyeyusha tumbo yanafutwa papo hapo. Kanuni ya kwanza imewabakiza watu wengi ambao wangejiondoa kimyakimya.

Gharama ni bando kidogo na viatu vizuri. Masika yakianza na vijia vikijaa matope, tunapanda ngazi za ghorofa zetu, na watoto hutufuata wakituhesabia.