Bodi za mtumba za magari ya zamani Arusha: geuza mlango kwanza

Malalamiko yaliyonifikia kutoka Moshi na Arusha yanafanana: mlango wa Land Rover umenunuliwa mtaa wa Unga Limited, Arusha, ukiwa unang'aa, masika hayajaisha rangi imeshavimba. Habari za rangi na kioo siziandiki, hizo kila mnunuzi anaziona. Ninachokuomba ukague ni pale bati la alumini linapokutana na fremu ya chuma.

Land Rover za Series, yaani matoleo yake ya zamani, zilivishwa aloi ya alumini kwa sababu baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kilikuwa cha mgawo Uingereza. Alumini haishiki kutu nyekundu, basi watu wanaamini haiozi. Inaoza! Ikigusana na chuma penye unyevu, inayoliwa ni alumini, na inaacha unga mweupe. Geuza mlango, tazama ukingo wa chini ambako bati limekunjwa juu ya fremu, ukwaruze kwa ukucha. Ukikuta unga au malengelenge, achana nao hata ukipewa bure. Sumaku haitakuonyesha puti hapo, ile lipu ya kuziba mabonde chini ya rangi, maana alumini hainaswi. Ila ikinasa kwenye fenda, ujue fundi ameshabandika bati la chuma.

Namba moja kwangu kwa kununua bodi ya mtumba, na sifichi, ni Land Rover Series II, IIA na III. Mlango wa moja huingia kwenye nyingine, na nusu ya juu hufunguliwa kwa bolti, kwa hiyo waweza kununua nusu iliyo nzima tu. Fenda zitambue kwa taa: Series II taa ziko katikati, pembeni mwa grili, Series III ziko kwenye fenda. IIA zipo za namna zote mbili, kwa hiyo nenda na picha ya gari lako.

Ya pili ni Land Cruiser 40. Hiyo ni chuma, sumaku ikilegea kuna puti. Ya tatu, Volkswagen Beetle: fenda zote nne ni za bolti.

Fenda za kuchongwa mtaani ni za bei rahisi, lakini mikunjo hailingani.

Kinachoniudhi ni wauzaji wanaopuliza rangi kabla hujafika, kisha wakisikia gari ni la kampuni ya utalii, bei inaruka. Dai kipande kisichopakwa rangi. Ukikifunga, weka mpira kati ya alumini na chuma, na usimruhusu fundi achomelee kwa gesi: alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 bila kuwa nyekundu kwanza. Apige riveti.