Nililipa elfu kumi kujaziwa maombi ya kazi mjini Moshi

Duka lenyewe liko hatua chache tu kutoka stendi ya Moshi. Jina silitaji, maana kijana anayelihudumia anafahamiana na watu wa kwetu na bado naenda kwake. Kibao chake ni kama vibao vya steshenari zote unazozijua: KOPI, SKANI, NIDA, TIN, MKOPO WA CHUO, AJIRA PORTAL, PASPOTI SAIZI DAKIKA 5.

Nilikuwa na shahada ya uhasibu na nyumbani Rau sherehe ilishasahaulika. Mama alikuwa ameacha kuniuliza "umepata?", sasa anauliza "wenzako wanasemaje?" Mzazi wa Kichaga akianza kuuliza kwa kuzunguka, ujue subira imebaki kidogo. Nikachukua bahasha ya vyeti nikapanda haisi.

Bei ilikuwa shilingi 10,000 kwa kila kitu: kufungua akaunti ya Ajira Portal, yaani mfumo wa Sekretarieti ya Ajira wa kuombea kazi za serikali mtandaoni, kuskani vyeti, barua ya maombi na kutuma. Nikamuuliza, "Kaka, barua si niandike mwenyewe?" Akanijibu bila kuinua macho, "Dada, kaa hapo, barua ninayo." Neno "ninayo" lilipaswa kunishtua. Sikushtuka. Nyuma yangu kulikuwa na foleni, feni ilikuwa inapiga kelele, na mimi nilitaka mtu mwingine abebe ule mzigo kwa niaba yangu.

Nimtendee haki kwanza. Kuskani anajua. Vyeti vyangu vilitoka vimenyooka, maandishi yanasomeka hadi namba ndogo za chini, kila faili limepewa jina lake na kupunguzwa ukubwa hadi likakubalika. Niliwahi kujaribu kwa kamera ya simu nikapata cheti kilichopinda chenye kivuli cha kichwa changu. Kwa kazi hiyo nampa alama zote, na kwa mia tano ya ukurasa sioni sababu ya mtu kujitesa.

Mengine ndiyo yaliyonigharimu.

Miezi miwili baadaye lilitoka tangazo jingine, nikataka kuomba mwenyewe kwa simu. Nenosiri sina. Nikabonyeza nimesahau nenosiri, ujumbe ukaenda kwenye barua pepe aliyonifungulia yeye. Barua pepe ina jina langu, lakini namba ya simu ya kuirejesha ni yake, na nenosiri lake limo kwenye daftari la dukani. Nikampigia. Yuko Rombo msibani, duka limefungwa, daftari liko ndani. Aliporudi, tarehe ya mwisho ya tangazo ilikuwa imepita siku mbili. Sikuweza hata kumkasirikia vizuri. Mtu aliyefiwa utamwambia nini?

Tukakaa, akanipa nenosiri, nikabadilisha namba ya simu hapo hapo mbele yake. Kisha nikafungua kusoma kilichotumwa kwa jina langu, kwa mara ya kwanza. Barua ilikuwa ya mtu mwingine. Imeandikwa kwamba mimi ni mhitimu wa ununuzi na ugavi mwenye moyo wa kujituma. Alibadilisha jina na anuani juu, tumbo la barua akaliacha. Nikajiuliza ni mhitimu gani wa ugavi huko aliko anajitangaza kuwa mhasibu.

Hilo ni la kucheka. Lisilochekesha ni nafasi aliyoniombea: Mhasibu Daraja la II. Kwa mtu wa nje, umesoma uhasibu, unaomba uhasibu, shida iko wapi? Shida ni kwamba kwenye matangazo ya serikali kuna Mhasibu na kuna Afisa Hesabu, na havifanani. Mhasibu Daraja la II anatakiwa, juu ya shahada, awe na CPA(T), yaani amemaliza mitihani ya juu ya Bodi ya Wahasibu, NBAA. Mimi nilikuwa na shahada tu. Mahali pangu palikuwa Afisa Hesabu, aliyekuwa kwenye tangazo lile lile, kurasa chache chini. Maelezo hayo yamo kwenye kifungu cha sifa za mwombaji, mistari minne hivi. Kijana hakuisoma kwa sababu kazi yake ni kujaza, na ana watu sita nyuma yangu. Mimi sikuisoma kwa sababu nilikuwa nimemlipa.

Basi nikajifungia siku mbili nikafanya mwenyewe. Niseme wazi kwa anayeogopa: mfumo wa Sekretarieti ya Ajira hautozi hata senti, na hauhitaji utaalamu wa kompyuta. Unahitaji barua pepe yako, namba ya NIDA ile ya tarakimu 20, na uvumilivu. Unajaza taarifa zako kipande kwa kipande: elimu, mafunzo, uzoefu, lugha, wadhamini. Ukishajaza, kuomba nafasi inayofuata ni suala la barua mpya na kubonyeza. Sehemu ngumu iko kwenye masharti ya jumla mwishoni mwa tangazo, yale ambayo wengi tunayaruka tukidhani ni yale yale. Ndiyo, ni yale yale kila mara, na kila mara yanaangusha watu.

Kwa mfano hati ya matokeo ya muda ya chuo haikubaliwi, wala karatasi ya matokeo ya kidato cha nne na sita. Wanataka cheti chenyewe. Rafiki yangu wa darasani alipakia karatasi ya matokeo kwa kuwa cheti chake kilikuwa bado chuoni, halafu mwaka mzima anasema serikalini wanapeana. Vyeti vithibitishwe na mwanasheria: mimi nilikwenda kwa wakili hapa mjini, muhuri elfu mbili kwa kila cheti, robo saa nimemaliza. Hiyo ni pesa halali, usiibanie. Barua iwe na sahihi yako, kwa hiyo iandike, ichapishe, isaini kwa kalamu, ndipo uiskani. Wadhamini ni watatu. Siku ile dukani nilitaja namba zilizokuwa kichwani, mmojawapo shangazi. Safari hii nilimpigia mwalimu aliyenisimamia mafunzo kwa vitendo nikaomba ruhusa, na yeye ndiye aliyeniambia SACCOS niliyofanyia mafunzo wanatafuta mtu wa kushika vitabu kwa mkataba wa miezi sita. Nipo hapo hadi leo. Ndiyo kusema simu ya dakika tatu ilinipa kazi kabla mfumo wowote haujanijibu, lakini mkataba ni mkataba, una mwisho wake.

Jina langu lilikuja kutokea kwenye orodha ya walioitwa usaili, nafasi ya Afisa Hesabu, mchujo wa kuandika, Dodoma. Nilipiga kelele hadi jirani akaja kuuliza kuna nini. Mama akaanza kuhesabu nauli, maana chakula, usafiri na malazi msailiwa anajigharamia. Kutoka Moshi unapita Arusha, Babati, Kondoa. Siku nzima iko njiani na lazima ulale.

Tangazo la kuitwa lina masharti yake pia. Uje na vyeti halisi, uje na kitambulisho. Na anayetofautiana majina kwenye nyaraka zake aje na dipoli (deed poll), yaani hati ya kisheria ya kuweka majina sawa, iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Nikatandika vyeti vyote kitandani pamoja na kitambulisho cha NIDA. Jina la babu yangu kwenye cheti cha kidato cha nne lina "i" moja. Kwenye NIDA zipo mbili. Miaka yote hiyo, foleni zote hizo za mkopo na udahili, hakuna aliyeona, wala mimi. Safari hii siwezi kumsingizia mtu wa steshenari, maana nilijaza kwa mkono wangu.

Ilikuwa Jumatano jioni, na usaili ni Jumamosi. Wakili aliniambia dipoli haitengenezwi kama muhuri wa cheti. Anaiandaa, inasainiwa, inapelekwa kusajiliwa. Sikwenda Dodoma. Nauli mama aliirudisha kwenye kopo lake bila kusema neno, na ningependa angesema.

Kwa hiyo kwa anayeuliza kuhusu lile duka: skani pale, toa kopi pale, na ukiwa na haraka piga hata paspoti, picha zake ni nzuri. Barua pepe fungua mwenyewe kabla hujatoka nyumbani, kwa namba yako ya simu. Akikwambia barua anayo, mwambie nawe unayo. Vyeti vyako vitandike kitandani leo, kabla hujaitwa popote, uvilinganishe na NIDA herufi kwa herufi.

Dipoli yangu iko kwa wakili. Ameniambia nipite Ijumaa.