Tahadhari kwa wachapishaji na wenye saiba: picha ikirudi na .exe, usiibofye

Wenye maduka ya kuchapisha, wenye saiba, na yeyote anayepokea picha za wateja kazini, someni hii kabla hamjawasha kompyuta kesho asubuhi.

Nina duka dogo la uchapishaji, ghorofa ya pili, River Road, Nairobi. Tunafanya kadi za harusi, stika na mabango, lakini kinachonilipia kodi hasa ni vijitabu vya mazishi. Kazi ya mazishi haingoji. Familia inakuja Jumatano jioni, maziko ni Ijumaa huko mashambani, basi linaondoka Alhamisi usiku. Katikati hapo picha zipangwe, wazee wasome, mtu akumbuke jina la mjukuu aliyesahaulika, kisha mashine iwake.

Wiki tatu zilizopita alikuja dada mmoja akiwa na picha za marehemu mama yake kwenye iPhone. Wateja huwa nawaambia wasinitumie picha WhatsApp hivi hivi, zitabanwa zipoteze ubora. Watume kama dokumenti. Akatii. Zikaingia picha 23, zote zikiishia na .heic. Ni muundo ambao iPhone zilianza kuutumia 2017 na iOS 11, kwa sababu picha inachukua karibu nusu ya nafasi ambayo JPG ingekula. Kompyuta yangu ni mzee wa miaka mingi, na programu ya kupangia kurasa haikuzitambua hata moja. Kijana wangu wa dukani akajaribu kufuta .heic na kuandika .jpg. Hiyo ni kumvalisha mbuzi koti ukamwita karani.

Basi akaingia Google akatafuta pa kugeuzia HEIC kuwa JPG bure. Tovuti iliyokaa juu kabisa ilikuwa tangazo la kulipiwa, naye kwa haraka hakuona. Ukurasa wenyewe ulikuwa nadhifu kuliko wangu. Akapakia picha, mstari ukatembea hadi 100, akaambiwa tayari, pakua. Ikashuka zip moja, na ndani yake kitu kimoja tu chenye jina picha_23.jpg na alama inayofanana na ya picha. Akabofya mara mbili. Dirisha jeusi likatokea, likapotea. Hakuna picha. Akabofya tena! Simlaumu sana, mteja alikuwa amesimama nyuma yake.

Jina kamili la kitu kile lilikuwa picha_23.jpg.exe. Windows, ukiiacha ilivyokuja, huficha kipande cha mwisho cha jina la faili, kwa hiyo ulichokiona ni .jpg ya uongo. Exe ni programu, na ukiibofya umeiruhusu ifanye kazi yake.

Kazi yake tuliijua Jumamosi. Nilikuwa nimewasha ulinzi wa hatua mbili kwenye akaunti zote, ule wa kutumiwa namba kwa simu, nikajiona nimefunga mlango na kufuli. Fundi mmoja wa kompyuta wa mtaa wa Luthuli alinieleza nilipokosea. Programu ya aina hii haihangaiki kubahatisha paswadi. Inachota zile ulizohifadhi kwenye brauza, pamoja na kumbukumbu inayoifanya tovuti ikutambue kwamba ulishaingia. Mwizi akiiweka kumbukumbu hiyo kwenye kompyuta yake, anaonekana ni wewe uliyekaa tangu asubuhi, na hakuna namba inayotumwa kwa simu.

Barua pepe ikaenda, ukurasa wa Facebook wa duka ukaenda. Kwa siku mbili mtu alijibu wateja wangu kwa jina langu, kwa adabu kabisa, akawaambia namba ya M-Pesa imebadilika na malipo ya kuanzia yatumwe kule. Bwana harusi mmoja alituma 6,500. Alipoupeleka ujumbe wa malipo kwa namba 456 ya Safaricom kuomba pesa zirudishwe, zilikuwa zimeshatolewa. Nikamchapia kadi zake bila kumtoza zaidi, nifanyeje? Namba ya OB ya polisi ninayo, na tukio nimeliripoti pia KE-CIRT, ile timu ya usalama wa mitandao iliyo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Msidhani mtego huu ni wa River Road pekee. Machi 2025 ofisi ya Denver ya FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilitoa onyo kuhusu tovuti hizi hizi za kubadilisha faili bure. Walichosema ndicho kinachonitisha zaidi: nyingine hukubadilishia kweli, unapata faili yako nzima, ila imekuja na mgeni ndani. Tena zinaweza kupekua ulichopakia na kuchota namba za vitambulisho na za benki. Hapo nyinyi wa saiba ndipo mnanitia hofu, maana mchana kutwa mnaskani vitambulisho na vyeti vya watu wanaoomba pasipoti kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na faili ikikataa mnaitupa tovuti yoyote iliyo karibu. Kitambulisho si chako, ni cha mteja.

Na mnajua picha za yule dada zilipatikana vipi? Kwa waya wa chaji. Jirani yangu alichomeka iPhone kwenye kompyuta yake, na kwenye mipangilio ya Photos, sehemu ya kuhamishia picha kwa kompyuta, ikawekwa Automatic. Zikashuka zote zikiwa JPG. Dakika tano. Ambaye bado hajapiga picha aende Settings, Camera, Formats, achague Most Compatible, na HEIC hataiona tena. Kwa mafaili yaliyokwisha kufika, GIMP, programu ya kuhariri picha, ni ya bure, inafungua HEIC na WebP (muundo mwingine wa picha) na kuzitoa kama JPG hapo hapo kwenye mashine yako. Lakini ipakue kwenye tovuti yao wenyewe, si kwenye tangazo! Na leo hii fungua dirisha la mafaili, nenda View, weka tiki kwenye File name extensions, uone majina yako yote hadi mkiani.

Ukishabofya tayari, chomoa intaneti, kisha badilisha paswadi ukitumia kifaa kingine na utoe akaunti kwenye vifaa vyote. Sisi tulibadilishia paswadi kwenye kompyuta ile ile iliyoambukizwa, tukawa tunamsomea mwizi paswadi mpya.

Ukurasa wetu wa Facebook bado haujarudi. Ukiona unaomba pesa za kuanzia kazi, si sisi. Njoo dukani, au piga ile namba iliyo nyuma ya kadi yako ya zamani.