Fantasy Premier League 2024/25: uzoefu wangu wa wiki 38

Nyota 4 kati ya 5. Ni mchezo wa mtandaoni: unaunda timu yako ya wachezaji wa Ligi Kuu ya Uingereza, unapata pointi kwa wanachofanya uwanjani kila wiki. Ni bure na hauli bando. Anayefeli mara nyingi anaujua mpira vizuri, ila hajazisoma sheria.

Unapewa pauni milioni 100 ununue wachezaji 15: makipa 2, mabeki 5, viungo 5, washambuliaji 3, wasizidi watatu wa klabu moja. Hela isilale benchi. Matz Sels wa Nottingham Forest alianza na bei ya milioni 4.5 akamaliza ligi na klinishiti (mechi bila kufungwa bao) 13. Kipa wa pili wa 4.0 asiyecheza anatosha kabisa.

Kabla ya kutazama jina, tazama nafasi. Bao la mshambuliaji ni pointi 4, la kiungo 5, la beki 6. Mohamed Salah wa Liverpool aliorodheshwa kiungo, kwa hiyo mabao yake 29 yalilipa 5 kila moja, asisti 18 zikalipa 3, na Liverpool wasipofungwa alikuwa anaongezewa 1. Akafunga msimu na pointi 344, rekodi ya mchezo huu, kwa bei ya kuanzia 12.5. Erling Haaland, mshambuliaji wa Manchester City, alianza na 15.0.

Sasa muda, maana hapa watu wanaumia kila mwaka. Dirisha la kubadili timu yako linafungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya wiki. Mechi ikianza saa 6:30 mchana Uingereza, Agosti unafungiwa saa 7 mchana kwa saa za Afrika Mashariki. Mwisho wa Oktoba Waingereza wakirudisha saa nyuma, inakuwa saa 8. Kukiwa na mechi ya Ijumaa usiku, unafungiwa Ijumaa hiyo hiyo, na aliyezoea Jumamosi ameshachelewa.

Vikosi hutangazwa dirisha likiwa limeshafungwa, kwa hiyo panga benchi kwa akili. Ukianza na mabeki watatu na mmoja asicheze, ataingia beki tu, hata kama mbele yake benchi umeweka kiungo mwenye pointi 12. Nahodha, yule ambaye pointi zake zinahesabiwa mara mbili, akiingia dakika ya 89 anahesabika amecheza: unapata 1 mara mbili, na msaidizi wake harithi kitu.

Uhamisho ni mmoja wa bure kwa wiki, na kuanzia msimu wa 2024/25 unaweza kulimbikiza hadi mitano (zamani miwili). Wa ziada unakatwa pointi 4, yaani bao zima la mshambuliaji. Na usimuuze mtu kwa hasira: uliyemnunua 6.0 akafika 6.3 unamuuza 6.1, ila ukimtaka tena utalipa 6.3 yote.

Chipu, yaani nyongeza maalumu unazotumia kwa wiki unazochagua, ni za kusubiri. Desemba 2024, dhoruba iliahirisha mechi ya Everton na Liverpool asubuhi ile ile ya mechi. Mechi hiyo ikaangukia wiki ya 24, Liverpool wakacheza mara mbili: Salah mabao mawili kwa Bournemouth, bao na asisti kwa Everton, pointi 29. Aliyemwekea Triple Captain, chipu ya kumhesabia nahodha mara tatu, alivuna 87. Mechi ikiahirishwa, iandike mahali, itarudi.

Nyota moja nimeikata kwa ajili ya Assistant Manager, chipu iliyoletwa msimu huo wa 2024/25 ya kuchagua kocha kwa wiki tatu. Kuvizia kocha wa timu ndogo aifunge kubwa ilikuwa kamari tu.