Reli ya Choshi: kilomita 6.4 na biskuti zilizoiokoa

Nasoma Tokyo, na treni za huku nimeshazizoea: ndefu, zimejaa, hakuna anayemtazama mwenzake. Jumamosi nilipanda ya aina nyingine kabisa. Ni ya Choshi Electric Railway, kampuni ndogo mkoani Chiba iliyoanza kazi mwaka 1923. Reli yake yote ni kilomita 6.4 na stesheni 10.

Kutoka Tokyo hadi Choshi ni kama saa mbili kwa treni ya haraka. Ukishuka, nenda hadi mwisho wa jukwaa hilohilo, utaikuta imesimama, mabehewa mawili tu. Tiketi nilikatiwa humo ndani na kondakta, mama mmoja aliyekuwa akipita kiti kwa kiti na mkoba wake begani. Bebeni pesa taslimu.

Stesheni inayofuata ni Nakanocho, na harufu ilinifikia kabla treni haijasimama. Kiwanda cha sosi ya soya cha Yamasa kiko papo hapo. Mbele kidogo miti inainamia reli pande zote mbili mpaka behewa linaingia kiza cha kijani, halafu ghafla mwanga, na mashamba ya kabichi. Treni inayumba, inanguruma, haina haraka. Safari nzima ni kama dakika 20.

Nilishuka Inubo kwa ajili ya mnara wa taa, uliowashwa mara ya kwanza mwaka 1874. Ngazi zake ni 99, na juu pale ni Bahari ya Pasifiki tu mpaka macho yachoke. Lakini kilichonigusa zaidi kiko dukani, kwenye stesheni yenyewe: nure-senbei. Ni biskuti ya mchele inayochovywa kwenye sosi ya soya ikiwa bado moto, kwa hiyo haivunjiki kwa kishindo kama senbei nyingine. Ni laini, inavutika, inanata kidogo menoni, na chumvi yake inakuja taratibu. Nilikula mbili nimesimama, vidole vimegeuka kahawia.

Biskuti hizo ndizo zinazoiweka reli hai. Mwaka 2006 kampuni iliishiwa, ikakosa hata pesa za ukaguzi wa lazima wa mabehewa. Wafanyakazi wakaandika kwenye tovuti yao, bila kuficha, kwamba wanahitaji pesa za kutengeneza treni, tafadhali nunueni nure-senbei. Watu wakaagiza kutoka kila pembe ya Japani. Mpaka leo vitafunio vinawaingizia zaidi ya nauli. Mwaka 2018 wakaongeza kingine, wakakiita Mazui-bo, yaani kijiti kisicho kitamu, kwa sababu neno hilohilo kwa Kijapani husema pia kwamba hali ya biashara ni mbaya. Nimekionja, ni kitamu.

Nimewapenda sana watu hawa. Hawakuomba sadaka, waliuza walichokijua.

Mkienda, msiishie kupiga picha. Treni hupita takriban mara moja kwa saa, kwa hiyo muda wa kuingia dukani upo. Endeleeni pia hadi Tokawa, mwisho wa reli, mkaone stesheni ya mbao ya tangu enzi za mwanzo, kisha mteremke kwa miguu hadi bandari ya wavuvi. Mimi nilirudi na pakiti tano. Mbili nimeshawapa wenzangu wa bweni, na mmoja ameniuliza tunakwenda lini.