Safari ya El Mirador: nyota tatu, na nyingi ni za mzee mwenye sikio pungufu

Nyota tatu kati ya tano. Mbili na nusu ni za mzee aliyetuongoza. Kampuni ijitosheleze na hiyo nusu, na jina lake silitaji.

Ni siku tano kwa miguu kutoka kijiji cha Carmelita, kaskazini mwa Guatemala, hadi magofu ya Wamaya ya El Mirador na kurudi. Kwenda tu ni kama kilomita 40, mizigo juu ya nyumbu. Chakula kizuri, hema safi. Tangazo lao linasema "njoo ugundue", na neno hilo nusura linitie shimoni.

Tulienda mvua zikiishiaishia. Tuliambiwa njia ina unyevunyevu. Unyevunyevu! Tope lilitufika magotini, na kabla ya mchana wa kwanza lilishang'oa soli ya buti langu la kushoto. Ukiteleza usidake mti ovyo: kuna mmoja uitwao chechen, utomvu wake hubabua ngozi. Mwenzetu aliudaka, na kesho yake kiganja kilijaa malengelenge.

Nyoka anayeogopwa huko ni barba amarilla. Mzee hakuwahi kuruka gogo. Alilipanda, akachungulia ng'ambo, ndipo akashuka. Mara moja alituonyesha mmoja amejikunja kwenye majani makavu. Mimi nilimwona aliponyooshewa kidole mara ya tatu.

Lakini yeye mwenyewe aliyemla si nyoka. Ujanani aligema ulimbo wa chicozapote, ule wa kutengenezea chingamu, na ukingo wa sikio lake la kulia haupo. Ni usubi. Anang'ata jioni, anaacha vimelea vya leishmania, kisha kidonda kinatafuna taratibu. Ni mdogo kuliko mbu, na vyandarua tulivyopewa na kampuni vilikuwa vya mbu. Nenda na chako, chenye matundu madogo kabisa.

Siku ya tatu tulipanda La Danta, piramidi ya mita 72 hivi. Ukiwa juu unaona msitu tambarare, na hapa na pale kichuguu cha kijani. Vichuguu hivyo ni majengo. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba vipimo vya leza kutoka angani vimeonyesha majengo zaidi ya 60,000 chini ya misitu ya eneo hilo, basi kila mgeni anaona lake linamsubiri. Mimi pia. Alasiri niliiacha njia, hatua thelathini tu, nikafuate kilima changu. Mguu ukazama hadi pajani: handaki la wezi wa mambo ya kale, limefunikwa na majani. Nilipojitoa na kugeuka, njia haikuwepo. Kila upande miti ileile.

Nikasikia panga likigonga gogo, ko, ko, ko. Nikaifuata sauti. Mzee hakunigombeza, alinipanga nyuma ya nyumbu wa mwisho hadi kambini, na harufu yake naikumbuka.

Usiku huo niliomba kuiona simu ya setilaiti tuliyoahidiwa. Ilikuwepo. Betri ilikufa tangu Carmelita, na daktari yuko mwendo wa siku mbili.

Nikirudi, nitamtafuta mzee mwenyewe kijijini. Leo ni wiki ya sita tangu nitoke msituni, na kwa kuwa kidonda hicho huweza kukawia miezi, kila asubuhi bado nayakagua masikio yangu kwenye kioo.