Baiskeli za kukodi kwa ajili ya kijia cha kando ya kijito, Tabora

Kwa mwaka mzima sasa nimekuwa nikikodi baiskeli kila Jumamosi asubuhi kwa fundi mmoja hapa Tabora, na karibu kila mara njia yangu huwa ile ile, yaani kijia kinachofuata kijito kuelekea upande wa Kwihara. Kijito chenyewe ni kidogo mno. Wakati wa masika hutiririka katikati ya majaruba ya mpunga, na kiangazi kinapokolea hubaki vidimbwi vichache vinavyozungukwa na yangeyange.

Baiskeli za fundi huyu ni zile nzito za chuma, zisizo na gia, zenye keria pana nyuma, na kwa kijia hiki sijaona zinazofaa zaidi. Hapo awali nilikodi kwingine baiskeli nyepesi ya gia. Udongo mweusi wa mbuga ukajaa kwenye gia, cheni ikachomoka mara tatu, nikarudi mjini nikiisukuma. Anayeujua udongo huo hahitaji maelezo: ukilowa kidogo tu hunata kwenye tairi kama ugali wa muhogo, hujazana chini ya madigadi, na hatimaye gurudumu hugoma kuzunguka. Mzee huyu amelitatua tatizo hilo kwa namna iliyonifurahisha sana. Madigadi ameyainua kwa vipande vya chuma hadi vidole viwili vinapita juu ya tairi, na kwenye kila fremu amefunga, kwa mpira wa tyubu kuukuu, kijiti kilichochongwa bapa cha kukwangulia tope.

Kabla ya kukukabidhi baiskeli huibinua, huzungusha magurudumu na kugonga spoku mojamoja kwa bisibisi huku akisikiliza mlio, kwa kuwa iliyolegea hulia tofauti. Kisha hutoa wosia wake: “Mwanangu, ukikuta tope shuka uisukume, usikanyage kwa nguvu.” Malipo ni shilingi 1,000 kwa saa, na kitambulisho unakiacha kwake.

Siti ni ngumu, na spring za baadhi yake zimechoka. Baada ya saa mbili mwili hulalamika. Jambo linalonisikitisha zaidi ni kwamba baiskeli ya kike ni moja tu. Dada yangu, ambaye huvaa kitenge, alilazimika kungoja karibu saa nzima hadi irudi, na jua likawa limeshapanda. Nimemwomba mzee aongeze nyingine mbili, naye amekubali kwamba wateja wanawake wameongezeka.

Nawashauri mtoke saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati wakulima wanaingia majarubani na kila unayempita anakusalimu “Mwangaluka”. Kwa mwendo wa taratibu unasikia maji yakipita chini ya nyasi hata pale yasipoonekana. Mimi hugeuzia Kwihara, kwenye tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872 kabla ya kuondoka mwezi Agosti kwa safari yake ya mwisho, nikapumzika kivulini, nikakwangua matairi, kisha nikarudi kwa kijia hicho hicho. Kwa siku zinazofuata mvua kubwa, ombeni baiskeli yenye tairi mpya la nyuma, kwa sababu sehemu ya kushukia kijitoni huteleza sana.